Embe bichi, tosa na bivu: usingoje yote yaive ndipo uyatumie

Kaskazi ikishashika, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Februari, jumbe zinazoingia studioni mwetu hubadilika. Wiki mbili tatu za kwanza watu wanauliza embe la kwanza limefika bei gani. Baada ya Krismasi wanauliza swali jingine kabisa: "Nina maembe mengi, yanaoza, nifanyeje?"

Mwaka huu mama mmoja wa upande wa Kaloleni alitutumia ujumbe wa sauti. Ana miembe miwili mikubwa nyuma ya nyumba. Mnunuzi alikuja na pikapu, akataja bei ya gunia ambayo, kwa maneno yake, "haimlipi hata kijana wa kupanda mtini." Akakataa. Siku kumi baadaye maembe yalikuwa chini, nyuki na inzi wamejaa uani, na watoto wamekinai. Alichotuuliza ni hiki: mbali na kula na kuuza, embe linafaa nini?

Hapa studioni tulianza kumjibu hewani, muda ukatuishia. Majibu kamili tunayaandika hapa, pamoja na vipimo mlivyotuomba. Tumechagua vinywaji, vitamutamu na vitoweo vya pembeni ambavyo havihitaji jiko la hotelini. Kwa vingi sufuria, kisu na chujio vinatosha.

Mwembe mmoja, matunda matatu

Wengi wetu tunakosea kwa kulitazama embe kama tunda la siku moja: tunangoja liive, na likiiva yanaiva mamia kwa pamoja. Lakini mwembe huohuo unakupa vyakula vitatu tofauti kwa muda wa wiki kadhaa. Lipo embe bichi, kijani, gumu na kali. Lipo embe tosa, ambalo limeanza kugeuka rangi ndani, utamu na ukali vikiwa bado vinashindana. Halafu lipo embe bivu.

Tofauti hiyo haiko mdomoni tu. Embe bichi lina wanga mwingi na asidi nyingi. Linapoiva, wanga hugeuka sukari, asidi hupungua, nyama inalainika na kupata ile rangi ya manjano inayotokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ndiyo maana embe bichi linaweza kushika nafasi ya ndimu, siki au ukwaju kwenye chakula, nalo bivu likashika nafasi ya sukari.

Wenyeji wa mwambao huu wamelijua jambo hili zamani sana. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco alifika Mogadishu, na katika maelezo ya safari zake anaeleza jinsi alivyoandaliwa wali wa samli na vitoweo vya pembeni: ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi, na maembe. Anasema embe likiwa bivu huwa tamu na huliwa kama tunda, na likiwa bado bichi huwa kali kama ndimu, hivyo hutiwa kwenye siki. Takriban miaka 700 imepita, na sinia la pilau la mwambao bado linaandamana na achari ya embe.

Basi jibu letu la kwanza kwa mama wa Kaloleni ni hili: anza kuchuma mapema. Ukipunguza sehemu ya matunda yakiwa mabichi, na nyingine yakiwa tosa, hutalemewa yote yakiiva kwa siku moja. Yale mabichi yanayoangushwa na upepo pia usiyaache watoto wayapige mpira. Mengi yanafaa jikoni.

Embe bichi: kinywaji cha jua kali na vitoweo vya pembeni

*Maji ya embe bichi.* Wahindi hukiita aam panna na hukinywa wakati wa joto kali. Ni kinywaji cha kufaa sana Pwani, kwa sababu kina chumvi kidogo, na mtu anayetoka jasho hupoteza chumvi pamoja na maji. Chukua maembe mabichi mawili makubwa, kama nusu kilo hivi. Yaoshe, yachemshe na maganda yake kwa dakika 20 hadi 25, mpaka ganda libadilike rangi na kisu kiingie bila kusukumwa. Yakipoa, menya, kamua nyama yote kwenye kokwa, kisha isage au iponde kwa mwiko. Tia sukari nusu kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, na kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa. Ukiwa na majani ya nanaa, twanga machache utie. Huo ndio ugiligili wako. Weka vijiko vitatu vikubwa kwenye glasi, jazia maji baridi, koroga. Kwenye friji, ndani ya chupa safi, hukaa siku nne au tano.

*Pilipili ya embe.* Hii hatuhitaji kuwaeleza watu wa Mombasa na Lamu. Viazi karai bila pilipili ya embe ni viazi tu. Menya maembe mabichi mawili, uyakate vipande vyembamba. Kaanga tembe tatu za kitunguu thomu kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta, tia manjano nusu kijiko cha chai, kisha maembe, pilipili kali nne au tano, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko viwili vikubwa na maji nusu kikombe. Funika, acha itokote polepole kwa dakika 15. Ponda kwa mwiko ukipenda iwe na vipande, au saga iwe laini. Kama embe lako ni kali mno, ongeza sukari, usiongeze maji. Maji hupunguza ukali na ladha kwa pamoja, na pilipili inakuwa uji.

*Kachumbari ya embe bichi.* Hiki ndicho kitoweo chepesi kuliko vyote, na kwa samaki wa kukaanga hakina mpinzani. Paruza embe bichi moja kubwa kwenye paruzo, upande wa matundu makubwa. Kata kitunguu kimoja chembamba, kivuruge na chumvi, kioshe mara mbili ili ukali utoke. Changanya na embe, dania iliyokatwa na pilipili moja mbichi. Ndimu haina kazi hapa, embe lenyewe ni ndimu. Kama nyumbani kuna watoto, tia karoti ya kuparuza na uiache pilipili pembeni. Kachumbari hii huliwa siku hiyohiyo, kwani ikilala hutoa maji.

*Achari.* Hii ndiyo ya kuweka. Kata kilo moja ya maembe mabichi, bila kumenya, kwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Changanya na vijiko vinne vikubwa vya chumvi na kijiko kimoja cha chai cha manjano, funika, yalale usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji yaliyotoka, utandaze vipande kwenye sinia juani kutwa nzima, ukifunika kwa kitambaa chepesi ili inzi wasitue. Jioni chemsha kikombe kimoja na nusu cha mafuta, uyaache yapoe kabisa. Changanya maembe na vijiko viwili vikubwa vya haradali iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai cha uwatu, vijiko viwili vikubwa vya pilipili ya unga na nusu kikombe cha siki. Jaza kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji moto na kukauka kabisa, kisha mimina mafuta mpaka yafunike vipande. Baada ya wiki moja iko tayari. Achari huharibiwa na maji: kijiko kibichi kikiingia chupani, ukungu hauko mbali.

Zanzibar wana njia yao pia: embe bichi ni mojawapo ya vitu vinavyoupa urojo ule ukali wake. Kama unapika mchuzi wa samaki nyumbani na ukwaju umekuisha, vipande vitatu vinne vya embe bichi vitafanya kazi hiyohiyo. Vitie mchuzi ukikaribia kuiva, visivurugike.

Embe tosa: lile ambalo wengi hulisahau

Embe tosa lina bahati mbaya. Mwenye kutaka achari huliona limeshapita wakati, na mwenye kutaka juisi huliona bado. Wanaolithamini ni wanafunzi wanaotoka shule na wauzaji wa barabarani, wanaolichana kama ua na kulipaka chumvi na pilipili.

Nyumbani unaweza kulifanyia *saladi ya embe na tango*. Kata maembe tosa mawili na tango moja kwa vipande vidogo vya mraba. Tia kitunguu kidogo, chumvi, pilipili ya unga kidogo na maji ya nusu ndimu. Juu yake nyunyiza njugu karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Inafaa na nyama choma, kuku wa kupaka, hata ugali na maharage, maana chakula kizito kinataka kitu chenye ukali pembeni.

Cha pili ni *embe la nazi*. Ukishapika ndizi mbivu za nazi, unajua tayari njia yake. Menya maembe tosa matatu, kata vipande vinene. Yaweke kwenye sufuria na kikombe kimoja cha tui jepesi, iliki tatu zilizopondwa, sukari kijiko kimoja au viwili vikubwa kulingana na ukali wa embe, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Pika dakika kumi. Vipande vikilainika mimina nusu kikombe cha tui zito, tikisa sufuria badala ya kukoroga, uliache lichemke kidogo tu kisha epua. Liliwe na chapati, mkate wa kumimina au peke yake likishapoa.

Na kama embe lako ni tosa lakini wewe unataka bivu, livumbike. Liweke kwenye mfuko wa karatasi au boksi pamoja na ndizi mbivu moja au mbili, ufunge. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huharakisha embe kuiva. Wazee wetu waliovumbika maembe kwenye majani makavu na magunia walikuwa wanaifungia gesi hiyohiyo. Usiliweke embe ambalo halijaiva kwenye friji. Baridi hulivuruga, likakunjamana na kubaki bila ladha.

Embe bivu: kuchagua kabla ya kusaga

Sio kila embe bivu ni la juisi. Ngowe, lile refu lenye ncha kama ndoana, na Apple, la mviringo, yana nyuzi chache sana, hivyo yanafaa kwa kastadi, malai na kukatwa vipande. Maembe madogo ya kienyeji yenye nyuzi nyingi mara nyingi ndiyo yenye harufu kali na utamu mwingi kuliko yote. Hayo yasage na kuyachuja, au yafanye kama ulivyofanya utotoni: yabinyebinye, toboa kichwa, fyonza.

*Juisi ya embe na pasheni.* Maembe mabivu matatu ya wastani, pasheni nne, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, na lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Saga embe na tangawizi kwa nusu ya maji, chuja, kisha koroga nyama ya pasheni na maji yaliyobaki. Mbegu za pasheni usizisage, zitatia weusi na uchungu. Onja kwanza ndipo ufikirie sukari. Mara nyingi haihitajiki. Hutoka glasi sita.

*Embe na mtindi.* Saga maembe mabivu mawili na vikombe viwili vya mtindi baridi au maziwa lala, nusu kikombe cha maji, iliki moja na chumvi kidogo sana. Huu ndio ule ambao Wahindi huuita lassi. Hushibisha, na kwa mtoto aliyekataa uji asubuhi kwa ajili ya joto ni staftahi ya kutosha.

Hapa tukiri kosa letu. Siku tuliyojaribu kinywaji hiki studioni hatukuwa na mtindi, tukatumia maziwa matamu, na embe tulilolikata lilikuwa tosa. Kabla ya taarifa ya habari maziwa yalikuwa yameshagawanyika, maji juu na madonge chini. Sababu ni ile asidi. Kwa maziwa matamu tumia embe lililoiva kweli, changanya vikiwa baridi, na unywe papo hapo. Mtindi umeshaganda tayari, kwa hivyo haukusumbui.

*Malai ya embe.* Changanya vikombe vitatu vya embe lililosagwa, kikombe kimoja cha tui zito, sukari vijiko vitatu vikubwa, iliki ya unga kidogo na maji ya nusu ndimu. Mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka vijiti, weka kwenye friza saa sita au zaidi. Mchanganyiko ukiuonja kabla ya kugandisha uwe mtamu kupita kidogo unavyotaka, kwa sababu ulimi hauhisi utamu vizuri kwenye kitu cha baridi. Wapo kina mama mitaani wanaosomesha watoto kwa friza moja ya malai. Embe la Januari ndilo linalowapa faida, kwani ndio wakati tunda ni rahisi na wateja wana kiu.

*Kastadi ya embe.* Hiki ni kitamutamu cha wageni. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa kastadi na maziwa baridi kidogo. Chemsha nusu lita ya maziwa na sukari vijiko vitatu vikubwa, mimina ule mchanganyiko huku ukikoroga mpaka uwe mzito, epua. Subiri ipoe kabisa. Panga kwenye bakuli: biskuti zilizovunjwa, vipande vya embe, kastadi, tena biskuti, embe, kastadi. Weka kwenye friji saa mbili. Embe likiingia kwenye kastadi ya moto hutoa maji na bakuli zima huwa chepechepe.

Maji, barafu na sukari

Kwa kila juisi tuliyoitaja tumesema maji yaliyochemshwa, na tunarudia makusudi. Pwani yetu inajua kipindupindu, na vijidudu vyake huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Wengi huchemsha maji ya kunywa kisha wakagandisha barafu kwa maji ya bombani au kisimani. Baridi haiui vijidudu hivyo, hulala tu, na barafu ikiyeyuka kwenye glasi huamka. Kama maji hayakufaa kunywa, barafu yake haikufai pia. Chemsha mpaka yatokote, au yatibu kwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Osha embe zima kabla ya kulimenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani.

La pili ni utomvu. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wa kikonyo cha embe unaweza kuwasha na kutoa vipele mdomoni au mikononi. Ukichuma, acha kikonyo kirefu kidogo, kisha kikate na ulilaze embe kikonyo kikiangalia chini mpaka utomvu uishe. Osha mikono kabla ya kugusa macho.

La tatu, embe lililoivishwa kwa kabaidi. Kemikali hii ikikutana na unyevu hutoa gesi inayogeuza rangi ya ganda haraka, na inaweza kubeba chembechembe za sumu kama aseniki. Embe hilo huwa la manjano sawasawa kila upande lakini gumu, halinukii, na ndani ni kali au halina ladha. Pua yako ndiyo mizani: embe lililoiva vizuri hunukia kwenye kikonyo.

La nne linahusu wenye kisukari, na tunaulizwa sana. Embe kubwa lenye nyama ya gramu 300 lina sukari ya asili ya gramu 40 hivi. Ukilila kwa vipande utashiba kabla ya kulimaliza, na nyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ukilisaga na jingine, ukachuja na kuongeza vijiko vitatu vya sukari, umekunywa kwa dakika mbili kitu ambacho usingeweza kukila. Shirika la Afya Duniani, WHO, huihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongeza, na si pamoja na ya tunda zima. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kuhusu kiasi, na kwa jumla ale vipande vichache badala ya glasi ya juisi. Kachumbari ya embe bichi pia inamfaa zaidi.

Ya kuweka mpaka Aprili

Ukiwa na friza, kazi ni ndogo. Menya maembe mabivu, saga bila maji, tia maji ya ndimu moja kwa kila kilo ili rangi isififie, jaza kwenye vyombo vyenye vifuniko, andika tarehe. Embe hilo hukaa miezi kadhaa. Gandisha kwa vipimo vya kutumia mara moja, kwani ukishayeyusha haifai kugandisha tena.

Bila friza, pika jamu. Kilo moja ya nyama ya embe, sukari gramu 700 na maji ya ndimu tatu. Pika kwa moto wa wastani kama dakika 40, ukikoroga mara kwa mara ili isishike chini. Weka tone kwenye sahani baridi. Likikunjana ukilisukuma kwa kidole, jamu imeiva. Jaza ikiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa.

Njia nyingine ni jua, ambalo halina bili. Kata embe bivu lililo gumu kidogo kwa vipande vya unene wa nusu sentimita, tandaza kwenye wavu safi ulioinuliwa kutoka chini, funika kwa chandarua, geuza mara mbili kwa siku na uingize ndani jioni. Baada ya siku mbili au tatu za jua kali, kipande hukunjika bila kuvunjika na hakitoi maji ukikibana. Weka kwenye chombo kikavu kilichofungwa.

Na yaliyooza je? Usiyaache chini ya mwembe. Inzi wa matunda aliyetoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na hutaga mayai ndani ya tunda. Tatizo la inzi hao ndilo lililoifanya nchi yetu isitishe kuuza maembe kwenye soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na mauzo yakaanza tena mwaka 2021. Kila embe bovu linalobaki uani ni chumba cha uzazi cha inzi wa msimu ujao, wako na wa jirani. Yafukie kwenye shimo la kina cha nusu mita au zaidi, au yafunge kwenye mfuko mweusi uuweke juani siku kadhaa mpaka funza wafe.

Mama wa Kaloleni tulimpigia tena wiki iliyopita. Mwembe mmoja umeshamalizika. Ule wa pili ulikuwa umebaki na maembe mabichi ya kutosha, akaweka chupa sita za achari, nne za nyumbani na mbili ameuzia jirani mwenye kibanda cha viazi. Anasema fedha si nyingi, lakini kwa chupa mbili amepata zaidi ya alichotajiwa kwa gunia zima.

Wahenga walisema akiba haiozi. Embe huoza, tena haraka, ndiyo maana tunasema lichume lingali bichi. Ukijaribu kimojawapo cha vyakula hivi, tuletee habari tukutanapo hewani, pamoja na jina la embe la kwenu na mnavyolila. Kijiji na kijiji kina lake, na sisi bado hatujayaonja yote.